Nusu ya Bunduki Tatu

Wandera ndugu yangu,

Sijui barua hupitia mpaka gani kukufikia huko. Nimekuwa ajenti wa kupitisha mizigo pale Malaba karibu maisha yangu yote, nazijua karatasi zote za malori, lakini mpaka wako wa sasa sijui unataka muhuri gani. Kwa hiyo naandika tu. Nikimaliza nitaisoma kwa sauti hapa barazani kwangu Burumba, na jirani akidhani nimerukwa na akili, shauri yake.

Nakuandikia kwa sababu uliniachia nusu ya pikipiki. Watu wengine hufa wakaacha shamba, wakaacha mjane, wakaacha kesi mahakamani. Wewe uliacha shamba na mjane, kesi hukuacha, lakini mimi rafiki yako ukaniachia fremu isiyo na injini. Tangu tukuzike kule Mundika mvua ndefu zimekuja na kwisha, na kila Jumapili nimeamka nikavaa lile koti langu zito la kupandia pikipiki, nikakaa nalo kitini, kisha nikalivua. Sina wa kubishana naye. Hilo ndilo neno lenyewe, Wandera. Mengine yote nitakayoandika ni maelezo yake.

Najua hadithi hii unaijua. Ulikuwa ukiisimulia kuliko mtu yeyote, na ulikuwa ukiisimulia vibaya. Leo niachie niisimulie mimi, maana leo huwezi kunikatiza.

Fremu niliipata mimi. Ilikuwa Nambale, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyewahi kuwa mpishi wa mapadri, na kuku walikuwa wanalala juu ya tangi. Nilikwenda kununua mahindi, si pikipiki. Nikafuta kinyesi cha kuku kwa kiganja, na chini yake zikatokea bunduki tatu zimechorwa, zimesimama zikiegemeana, mitutu juu, vile askari wanavyoziweka wakipumzika. Nilisimama pale mkono mchafu, nikamsahau aliyekuwa akinipimia mahindi. Alama ile niliijua. Ilikuwa kwenye baiskeli ya baba yangu, ile aliyobebea abiria na magunia kuvuka mpaka hapa Busia, enzi zile vijana wa baiskeli waliposimama upande mmoja wakiita "boda, boda" mpaka mwito ukawa jina la kazi. Tangu utotoni nilidhani bunduki tatu ni alama ya baiskeli. Kumbe wenye kiwanda hicho walikuwa na mtoto mwingine mkubwa zaidi.

Injini uliipata wewe. Uliikuta ng'ambo, nje kidogo ya Tororo, imefungwa kwenye magogo ikizungusha kinu cha kusaga mahindi. Mwenye kinu alitaka injini ya dizeli, ukamtafutia, mkabadilishana, ukaja nayo ndani ya lori chini ya turubai. Hatukuwa tunajuana bado. Mimi nilikuwa ajenti wa lori lako siku ile tu. Afisa alipofunua turubai akauliza ni nini, ukamjibu bila kucheka, "Huyo ni mjomba wangu, afande, anarudi nyumbani." Tuliiandika kama chuma chakavu, na wala hatukudanganya. Lakini nilipoinama nikaona bunduki tatu ndogo zimepigwa kwenye chuma, nikakuvuta kando nikakuambia, "Dereva, mwili wa mjomba wako uko kwangu."

Urafiki wetu ulianza hapo, na sijui kama kuna urafiki mwingine Kenya hii ulioanza kwa chuma chakavu.

Hatukuandikiana chochote. Tulikubaliana kwa mdomo, tumechuchumaa kwenye kivuli cha lori, kwamba injini ni yako na fremu ni yangu. Ukaongeza sheria yako: mwenye injini ataendesha, mwenye fremu atakaa nyuma, kwa sababu injini ndiyo inayokwenda na fremu inabebwa tu. Nilikubali kwa upumbavu wangu, na nimekuwa abiria kwenye pikipiki yangu mwenyewe tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sikujifunza kuiendesha hata siku moja. Nilikuwa na wewe, ningejifunza kwa nini?

Kuiwasha, hata hivyo, hukuweza. Goti lako lilikuwa limemalizwa na klachi ya lori, halikuweza kukubeba usimamie mguu mmoja. Mimi nilipiga kiki, wewe ulishika kile kijiti kidogo cha kwenye usukani kinachoamua plagi iwake mapema au ichelewe. Kikisahauliwa mbele, kiki inarudi kwa hasira na mtu anavunjika mguu. Kwa hiyo ulikirudisha nyuma, ukasema "Haya," nami nikaruka na uzito wangu wote, na Bunduki Tatu, ndivyo tulivyoiita, ikaamka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu walitucheka kwamba wazee wawili wanawasha pikipiki moja, na tuliwaacha wacheke.

Tuligombana sana juu ya historia yake. Ukifika Malaba, ukishaegesha pale karibu na foleni ya malori, madereva na mataniboi, wale wasaidizi wao wa lori, wanateremka kuizunguka, nawe unaanza mahubiri. "Hawa Wazungu walikuwa wanatengeneza bunduki. Wakachoka na vita. Wakayeyusha bunduki zote, wakatengeneza hii." Taniboi mmoja wa kutoka Mombasa karibu alie. Na mimi nyuma yako nasaga meno.

Hakuna aliyeyeyusha bunduki, Wandera. Nilikuambia mara nyingi mpaka nikachoka. Walikuwa mafundi wa bunduki wa mji mmoja wa viwanda kule Uingereza, kila mmoja na karakana yake, wakaungana kuwa kampuni ili wapate kazi ya jeshi. Amani ilipoingia na jeshi likaacha kununua, mashine zikakaa bure, na fundi mwenye mashine bure hutafuta kitu chochote cha duara akichonge. Wakachonga baiskeli. Baadaye wakaitia baiskeli injini. Vita vilipokuja, walirudi kwenye bunduki na wakaendelea na pikipiki pia, wakazipaka rangi ya mchanga, zikabeba askari wa barua jangwani. Hawakuchoka na vita. Vita viliwalisha, na amani pia iliwalisha. Nilipokuambia hivyo ulinitazama kwa huruma ukasema, "Egesa, wewe ungefanya kazi ya kutoa mafuta kwa chakula ya watu."

Mwisho wao tulikubaliana. Kiwanda kilichowahi kujivunia kwamba hakuna duniani anayekishinda kwa kuuza pikipiki kilikufa kwa kiburi na uchovu, pikipiki za Wajapani zilipokuja na kitufe cha kuwashia na injini zisizovuja. Ya kwetu ilivuja kila ilipoegeshwa. Uani kwangu bado kuna madoa yake, mvua zote hizi hazijayaondoa. Ulisema ni sawa na mbwa, lazima aweke alama yake.

Na bado watu waliipenda. Nimelifikiria sana jambo hili tangu uondoke, kwa kuwa nina nafasi ya kufikiri kuliko ninavyotaka. Mpaka huu umejaa pikipiki. Ukisimama barabarani hapa Busia, za boda zinapita mbele yako bila kukatika, mpya, nyekundu, zinameta, na sasa zimekuja hata za betri zisizo na sauti, mtu anashtukia imemfikia kisigino. Hakuna anayegeuza shingo. Lakini ya kwetu ikipita, mama wa nyanya anaacha kupima. Mzee mmoja pale Adungosi alikuwa anasimama na kuvua kofia, na siku tuliposimama kumuuliza kwa nini, alisema baba yake alikwenda vita vya Wazungu na hakurudi, na kwenye picha aliyoacha amekaa juu ya moja kama hiyo. Wengine waliijua kama pikipiki ya padri, wengine pikipiki ya bwana shamba. Kila mtu alikuwa na marehemu wake juu yake. Nadhani ni hilo, na ile sauti. Za siku hizi zinalia kama nyuki. Ya kwetu ilikuwa inahesabu, nzito, polepole, na kati ya pigo na pigo ulipata nafasi ya kupumua. Haikuwa na haraka ya kufika popote, na sisi pia hatukuwa nayo.

Jumapili zetu unazikumbuka. Tulitoka baada ya kanisa, tukapita Alupe, Adungosi, mpaka Malaba, chapati na maharagwe kwa yule dada aliyekuita "boss" na mimi akaniita "mzee" ingawa wewe ndiye mkubwa. Siku za sikukuu tulishuka Sio Port, ukanunua dagaa wa omena, ukanipa niishike njia nzima, nikarudi nanuka. Mke wangu alipofariki, hukuniletea maneno. Ulikuja Jumapili iliyofuata saa zile zile, ukaisukuma pikipiki mpaka langoni, ukaketi juu yake, ukashika kijiti, ukasubiri. Nilitoka nikapiga kiki. Tukaenda mpaka Malaba. Wanangu wako Nairobi na Uarabuni, wananipigia simu, ni watoto wazuri. Lakini mtu wa kuja kukaa langoni na kusubiri sikuwa naye mwingine.

Sasa nikuambie ya maziko yako, maana hukuyaona vizuri kutoka mahali ulipokuwa.

Vijana wa boda wa steji ya Burumba walisema mtu wa pikipiki asindikizwe kwa pikipiki. Walifunga matawi ya miti mbele ya taa, wakapiga honi kutoka mochari, wakaziba barabara yote, lori zikasimama. Mwenyekiti wao akaomba Bunduki Tatu itangulie mbele ya jeneza na yeye aiendeshe. Mimi nikapiga kiki, yeye akashika kijiti nilivyomwelekeza, ikawaka, watu wakalia. Lakini kuna jambo nililisahau. Nilikuwa abiria, sikuwa na mazoea ya kutazama miguu yako. Pikipiki hizi za sasa gia iko mguu wa kushoto. Ya kwetu kushoto ni breki, gia iko kulia. Yule kijana akashika mwendo vizuri, akataka kuongeza gia, akakanyaga kushoto kwa nguvu zake zote, na Bunduki Tatu ikasimama pale pale mbele ya gari lako. Dereva wa gari la maiti akakanyaga breki, jeneza likagonga kiti cha mbele, na Mzee Barasa kaka yako akagonga kioo kwa paji la uso. Kijana akafanya hivyo tena mbele kidogo. Mara ya tatu akageuka kwenye dirisha la gari la maiti nilipokuwa, akaniuliza, "Mzee, hii kitu breki iko wapi?" nikamwambia, "Ndiyo hiyo unayokanyaga, kijana." Basi tukaizima, tukaisukuma mpaka Mundika. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, nikijua kwamba kama ungekuwepo ungeanguka chini kwa kicheko, na mwaka mzima ungeisimulia vibaya.

Siku ya kunyoa wafiwa nywele ilifika. Unajua desturi. Watu wameketi, mzee wa ukoo anasimama na kuuliza: mwenye kitu cha marehemu aseme leo, na ambaye marehemu ana kitu chake aseme leo, baada ya leo tusisikie. Mmoja akasema ana jembe lako. Mwingine akasema ulikuwa na jeki yake ya lori. Pikipiki ilikuwa imesharudi kwangu, na niliona hakuna anayeifikiria. Niliamini wote wanaihesabu yangu, kwa kuwa ililala kwangu siku zote. Ningenyamaza tu, Wandera. Lakini ningenyamazaje katika kikao chako? Nikasimama nikasema, "Mimi niko na injini yake."

Watu walicheka kwanza. Kisha Mzee Barasa, na plasta yake kwenye paji la uso, akasema, "Kitu ya marehemu hailali kwa watu. Injini irudi nyumbani." Nikaeleza kwamba injini imeshikana na fremu yangu. Akasema, "Si itafunguliwa? Nati iko na kazi gani?" Nikatazama huku na huku nikitafuta mtu wa kunitetea. Mama Nafula mkeo alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake, kichwa chini, hakusema kitu. Nilimkasirikia. Nilifikiri, angalau huyu anajua pikipiki ile ilikuwa nini kwetu.

Niliifungua mwenyewe, sikutaka fundi aiguse. Nilitandika gunia sebuleni nikaanza asubuhi, na nati za mwisho zilikuwa zimeshika kutu tangu siku tulipozifunga mimi na wewe, ukishika spana upande ule nami upande huu. Safari hii nilishika upande mmoja kwa mkono na wa pili kwa goti. Zilipoachia, injini ikashuka juu ya gunia na fremu ikainuka kidogo, imekuwa nyepesi. Mzee Barasa akaja na mkokoteni, akaichukua. Kwa haki yake, aliifunga vizuri na aliniaga kwa heshima. Nilimwitikia kwa kichwa tu.

Baada ya hapo sikwenda Mundika. Niseme ukweli, nilikuwa nimenuna. Watu walioingia sebuleni kwangu waliona ile fremu imesimama katikati na tundu tumboni, wakauliza kama naiuza, nikawaambia wanywe chai. Nimeacha kwenda Malaba. Yule dada wa chapati aliniona sokoni akauliza, "Mzee, boss yuko wapi?" Hakuwa amesikia. Ilibidi nimwambie katikati ya watu, na yeye akaweka kikapu chini, akashika mdomo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko siku ya maziko.

Mwishowe nikaamua kwenda kuiomba. Nilijipangia maneno njia nzima. Nitamwambia Mama Nafula kwamba chuma hicho hakimfai kitu, kwamba kwangu kina mwenzake, kwamba wewe mwenyewe ungetaka. Nilifika, nikasimama kidogo kaburini kwako, nikagonga mlango.

Injini iko sebuleni, Wandera. Ameiweka pembeni ya televisheni, juu ya kigoda, ameifunika kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono kama vile vya viti. Chini ameweka karai la kukingia mafuta. Aliponiona naitazama, akaanza yeye kabla sijafungua mdomo.

"Shemeji, usikasirikie Barasa. Ni mimi nilimwambia iletwe."

Nikavuta kiti nikaketi. Akaniambia kwamba miaka yote hiyo, ukiniacha Burumba tukitoka safari, kijana wa jirani alikuwa anakusindikiza kwa Bunduki Tatu mpaka kwako, wewe ukiendesha na yeye nyuma, kisha anairudisha kwangu kwa kuisukuma na wenzake. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua ni hili. Akasema, "Hiyo kitu nilikuwa naisikia ikiwa bado huko mbali kwa mteremko. Hapo ndio naweka maji ya ugali. Akiingia kwa mlango, maji imechemka. Sasa sijui naweka saa ngapi. Nikiweka mapema inakauka. Nikichelewa, namchelewesha nani?" Alidhani injini ikiwa nyumbani, fundi anaweza kuiwasha hapo chini iseme kidogo tu. Fundi alipokuja akamwambia bila fremu na tangi hicho ni chuma tu. Tangu hapo amekuwa akiifuta vumbi.

Sikumwomba chochote. Nilikunywa chai yake, nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya fremu yangu mpaka giza likaingia. Mimi nilidhani nimeporwa na watu wasiojua thamani ya kitu. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeisikiliza ile sauti kuliko mimi, na wote wawili tulikuwa tumekaa kila mmoja na kipande chake, hakuna anayepata kitu. Nilitaka sana ile injini. Bado naitaka sasa hivi ninavyoandika. Lakini fremu ina magurudumu, na injini haina.

Kesho yake niliitoa fremu nje, nikashika usukani, nikaisukuma kwenda Mundika. Wanangu wangeniona wangenikemea. Foleni ya malori ilikuwa ndefu siku ile, na madereva walikuwa wameketi kwenye vivuli wakinitazama. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, injini umeuza?"

Nikamwambia, "Hapana. Imetangulia."

Akainuka yeye na taniboi wake, wakanisaidia kusukuma mpaka mlima ulipoisha. Alipogeuka kurudi kwenye lori lake aligusa zile bunduki tatu kwenye tangi kwa vidole, kidogo tu.

Nilikaa siku kadhaa nikiifunga pale uani kwako. Nilikuwa nakwenda asubuhi na kurudi jioni. Mama Nafula alinipitishia spana, na baada ya siku ya kwanza alizijua kwa namba kuliko wewe. Tuliongea mambo ya kawaida, mahindi, mvua, mtoto wa binti yenu Nafula anayeota meno. Sikuwa nimeongea na mtu kwa muda mrefu hivyo tangu ufe. Barasa alipita akatutazama, akauliza fremu sasa ni ya nani. Nikamwambia ni ya hapa. Akaketi chini akashikilia gurudumu.

Ilipokwisha ilikuwa Jumapili, jua limeanza kulegea. Nilimwonyesha Mama Nafula kijiti. Nikamwambia akirudishe nyuma kabisa, na injini ikishika akisogeze mbele taratibu, asiogope. Nikapiga kiki. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakataa. Nikapumzika, nikafuta jasho, na yeye akasema "Haya," bila kufundishwa na mtu, vile vile ulivyokuwa ukisema.

Ikawaka.

Umelala karibu na pale, labda ulisikia. Kuku walitawanyika na majirani wakatoka kwenye uzio. Mama Nafula alisimama ameshika kijiti, macho kwenye njia inayotoka barabarani, na alikaa hivyo muda mrefu. Njia ilikuwa tupu. Kisha akaachia usukani, akafuta mikono kwenye leso, akaingia jikoni. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria.

Nilibaki peke yangu na pikipiki. Ningeweza kuizima, mafuta ni kidogo na ilikuwa inamwaga moshi kwenye nguo zilizoanikwa. Sikuizima. Niliiacha ihesabu mpaka aliposonga ugali na kuniita, "Shemeji, njoo unawe." Tulikula watu wawili. Bado anapika ugali wa mtu wa lori, tukabakisha upande mzima.

Sitaiendesha, Wandera. Nimezeeka kujifunza gia ya kulia, na nyuma ya mtu mwingine sikai. Lakini nakuahidi haitauzwa nikiwa hai, na kila Jumapili mguu wangu ukiwa na nguvu nitafika Mundika niiamshe, naye atashika kijiti. Haitakwenda popote. Itanguruma pale uani kwa muda wa sufuria moja, halafu nitaizima nirudi kwangu.

Lala vizuri, ndugu yangu. Ukiusikia mngurumo, usihangaike kuamka. Ni sisi tu, tunachemsha maji.

Egesa